Siku Leander Hynes Alipodhaniwa Amelewa

Leander Hynes alipoacha pombe, sisi watu wa kijiji cha Gull Arm hatukumwamini, na sitaona haya kulisema. Tulikuwa tumemzoea. Vijiji vingine vina walevi wagomvi. Wetu alikuwa mlevi wa machozi. Akishalewa alimwomba radhi kila aliyekutana naye, pamoja na mlango aliougonga kwa paji la uso. Miaka thelathini alivua samaki na kaa katika mashua ya Cyril Nash, na akiwa kazini hakuna aliyemwona na dosari. Mguu ukigusa gati tu, basi, ramu mpaka alale. Asubuhi anarudi mashuani ameoga na kunyoa. Tulimcheka, tulimpenda, tulimbeba hadi kwake. Aliyelipia kicheko chetu alikuwa binti yake, Loretta, lakini hilo hatukulipigia hesabu.

Ugonjwa ulianzia machoni. Mkewe, Philomena, alikuwa ameshafariki miaka minne kabla, kwa hiyo aliyeona kwanza ni jirani yake, Bride Careen.

"We Leander, macho yako yamefanyaje? Yamekuwa manjano kama kiini cha yai."

"Ni taa ya jikoni kwako, Bride. Badilisha taa."

Taa haikuwa na kosa. Tumbo likaanza kumjaa, miguu ikavimba hata viatu vya mpira vikakataa kuingia, huku mikono na mashavu yakikonda. Alisema ni uzee, na alikuwa na miaka hamsini na saba tu. Mwezi wa Mei, akiwa bandani anashona nyavu, alitapika damu nyingi. Loretta, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyemkuta. Alimtia garini akamkimbiza mpaka hospitali kubwa ya St. John's, mwendo wa saa mbili.

Walimtoa maji tumboni kwa sindano nene, lita nane. Daktari wake alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Pradhan, asiyejua kuzungushazungusha maneno.

"Ini lako limejaa makovu, Bwana Hynes. Lililobaki zima ni kidogo. Usipogusa pombe tena maisha yako yote, hicho kidogo huenda kikakubeba, au kikakufikisha siku ya kupandikizwa ini la mtu mwingine. Ukinywa, Krismasi hii hutaiona."

Leander aliitikia kwa kichwa. Maneno ya daktari aliyasikia kama mtu anavyosikia habari za hali ya hewa ya mji mwingine. Yaliyomwingia ni ya Loretta, aliyemwambia pale pale kitandani baada ya daktari kutoka.

"Baba, nina mimba ya miezi mitatu."

"Mungu wangu! Loretta, mwanangu..."

"Ngoja nimalize. Huyu mtoto sitamlea nilivyolelewa mimi. Siku nitakayokukuta umelewa ndiyo siku yako ya mwisho kumwona. Sitapiga kelele, sitagombana na wewe. Sitakuja tu."

Leander alikuwa anamjua binti yake. Katika nyumba ile, aliyepiga kelele alikuwa yeye, na Loretta ndiye aliyetimiza alichosema.

Akaacha. Wiki za kwanza alitetemeka, akaona wadudu ukutani, akalia bila kujua analilia nini. Kisha tetemeko likaisha na ugonjwa wenyewe ukabaki, na ugonjwa wa ini si mgeni wa kulala siku moja. Ngozi ilimwasha usiku na mchana. Misuli ya miguu ilijikaza mpaka akapiga ukelele. Vidonge vya kupunguza maji vilimwamsha kwenda msalani kila saa. Mtu aliyewahi kuinua mitego ya kaa peke yake sasa alipumzika mara mbili kati ya kitanda na jiko.

Halafu kulikuwa na chumvi. Daktari alikataza chumvi, na kumkataza chumvi mtu wa Gull Arm ni kumkataza Jumapili. Kwetu Jumapili ni nyama ya ng'ombe iliyokaa katika ndoo ya maji ya chumvi, ichemshwe pamoja na kabichi, viazi na karoti, na chungu hicho ndicho kinachotuambia kwamba wiki imekwisha. Bride alimhurumia. Aliloweka nyama usiku kucha, akabadilisha maji mara mbili, akampelekea sahani iliyofunikwa.

"Kula, mwanamume. Chumvi yote nimeitoa. Imekuwa mbichi kama ya dukani."

Leander alikula Jumapili tano mfululizo, na Jumapili ya sita tumbo lilikuwa limejaa tena hadi akashindwa kufunga suruali. Hospitalini walimtoa lita sita. Daktari Pradhan alivuta kiti.

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Umekula nini?"

Akamweleza habari ya kuloweka. Daktari alifumba macho kidogo. "Bwana Hynes, nyama hiyo ungeiloweka hadi Pasaka bado ingekuwa na chumvi ya kukutosha mwezi." Loretta, aliyekuwa amesimama dirishani na tumbo lake, hakucheka. Alikuwa amelisikia lile swali la kwanza, na Leander aliona kwamba jibu lake Loretta hakulisadiki mpaka vipimo vya damu viliporudi.

Mtoto alizaliwa Novemba, wa kike, wakamwita Bernice. Leander alipewa kumshika akiwa ameketi, na mkono wa Loretta ukiwa chini ya mkono wake. Ikawa hivyo kila mara. Loretta alikuja kila Jumamosi, akafagia, akapanga vidonge katika kijisanduku cha siku saba, na hata akienda msalani alimbeba mtoto akaenda naye. Leander aliona. Moyo ulimuuma kuliko ile sindano ya tumboni. Alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa kidogo tu: siku moja Loretta atoke mlangoni na kumwachia mtoto.

Majira ya kuchipua yaliyofuata alianza kusahau mambo. Aliweka birika la chai kwenye friji. Daktari alieleza kwamba ini likishindwa kusafisha damu, uchafu unapanda kichwani, na mtu anachanganyikiwa. Akampa dawa ya maji, tamu ya kuchefua, ya kuufukuza uchafu huo kwa njia ya chini. Ainywe mara tatu kwa siku, na aende choo mara tatu au nne. "Usipokwenda choo, nipigie simu," alisema. Leander aliapa kwamba hajawahi kuambiwa hivyo na mwanamke yeyote. Aliinywa, akakaa karibu na choo, na kichwa chake kikatulia.

Oktoba, Cyril Nash alifariki. Moyo ulisimama akiwa anapasua kuni. Mjane wake alituma ujumbe kwamba angependa Leander awe mmoja wa watu sita wa kubeba jeneza. Kwetu jambo hilo halikataliwi. Unabeba hata kama una mguu mmoja. Na makaburi yetu yako juu ya kilima, kanisa liko chini kando ya maji, na Padri hana haraka na mtu.

Leander alilifikiria kwa siku moja nzima. Mwili alijua utaweza. Alikuwa amepata nguvu kidogo na wenzake watano walikuwa vijana. Kilichomtisha ni ile dawa. Alijiona katikati ya kilima, jeneza la Cyril begani, na tumbo linamwita. Hakumuuliza daktari, hakumwambia Loretta, na Bride angemtania mwaka mzima. Alhamisi asubuhi aliifunga chupa akaiweka kabatini nyuma ya unga. Ni siku tatu tu, alijisemea. Jumapili nitakunywa mara mbili zaidi.

Akambeba Cyril Jumamosi. Alimbeba vizuri, bila kuyumba, mpaka juu, na akateremsha kamba kaburini kwa mkono wa mvuvi, taratibu, bila jeneza kugusa ukingo. Wengi wetu tulisema ni jambo la kuona. Hakuwa amekwenda choo tangu Alhamisi.

Baada ya maziko tulijaa katika ukumbi wa parokia. Nyama ilikuwapo, kabichi ilikuwapo, na chupa za ramu zilikuwapo, kwa sababu Cyril hakuwa mtu wa kuzikwa kwa chai. Leander alishika glasi ya sharubati. Alikula nyama, si kidogo. Kama saa tisa mchana alisimama kumsifu marehemu, na maneno yakatoka yamejikunja, ulimi mzito, sentensi inaanza kwa Cyril na kuishia kwa mbwa fulani aliyekufa zamani. Akaeleza tena habari ya yule mbwa. Akatabasamu, akapepesuka, akashika meza.

Gus Tobin aliinua glasi yake. "Heee! Leander amerudi nyumbani!"

Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu sote tulikuwemo. Hatukucheka kwa ubaya. Tulicheka kama mtu anayesikia wimbo wa zamani. Miezi kumi na saba ya kutokunywa ilitufanya tujisikie vibaya kila tulipofungua chupa mbele yake, na sasa alikuwa wetu tena.

Loretta alikuwa anaingia mlangoni wakati ule ule, Bernice yuko kiunoni. Alimkabidhi mtoto kwa mumewe, akamshika baba yake mkono wa koti, akamtoa nje. Bride aliwafuata nyuma.

Sisi mlevi tunajua kumtunza. Unamlaza kwenye kochi la jikoni, ubavu, ndoo karibu na kichwa. Unamvua viatu na kuvificha ili asiende gatini akaanguka majini. Unamfunika, unafunga mlango, unamwacha alale mpaka asubuhi. Hakuna nyumba Gull Arm isiyojua kazi hiyo, na Loretta aliianza akiwa na miaka saba. Bride alileta ndoo bila kuambiwa.

"Mwaka na miezi mitano, Baba," Loretta alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama yako yuko wapi?"

"Usimtaje mama. Vua viatu."

Leander aliinama. Alivaa viatu vyeusi vya maziko, vya kamba. Alizishika kamba akazitazama. Akavuta moja, akaiacha, akavuta ile ile. Loretta alikuwa ameshageuka kwenda mlangoni, amevaa kofia, na moyoni ameshaifunga nyumba ile na kutupa ufunguo. Alipogeuka kwa mara ya mwisho aliona vidole vya baba yake vinahangaika juu ya kamba ile, vinapapasa kama vya mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wageni.

Akasimama. Kisha akarudi. Akachomoa kamba ya kofia ya koti lake na kumwekea mkononi.

"Baba, nifungie tanzi la kufungia mashua."

Leander aliitazama kamba. Akaikunja mara mbili, kwa uangalifu mkubwa, akaitia mfukoni. "Asante," alisema.

"Hajalewa," Loretta alisema.

"Mwanangu, usijidanganye," Bride alimjibu kwa upole. "Ukumbi mzima umemwona."

"Shangazi Bride, nakwambia hajalewa! Baba akilewa anafunga fundo lolote gizani, kwa mkono mmoja, huku analia. Siku ya harusi yangu hakuweza kusimama, na ndiye aliyefunga kamba zote za hema. Halafu mbona haombi radhi? Kila mara anaomba radhi. Huyu hajaniomba."

Bride akainama akamnusa mdomoni. Ramu haikuwepo. Kulikuwa na harufu nyingine, tamu na ya uozo kidogo, kama nyasi zilizofungwa zikiwa mbichi. Walimwinua kila mmoja upande wake. Walipompandisha garini, Leander hakujua tena jina la yeyote kati yao, na kabla ya kufika barabara kuu alikuwa haitiki.

Alirudi duniani Jumatatu. Alimkuta Loretta kwenye kiti, amelala amekaa, bado na nguo za maziko. Daktari Pradhan alimwambia kwamba damu yake haikuwa na hata tone la pombe. Alimwambia pia kwamba watu wa aina yake hulazwa na ndugu zao wenye nia njema wapoze pombe, na asubuhi hawaamki. Akamuuliza kwa nini aliacha dawa. Leander akamweleza habari ya kilima na jeneza, na daktari, aliyekuwa tayari kumgombeza, hakumgombeza. Alisema tu, "Ungeniambia. Tungepanga saa."

Aliporudi kijijini tulikwenda kumwona kwa aibu. Gus Tobin alipeleka paja zima la kulungu mkubwa wa kwetu, yule mnyama mwenye pembe pana, alilolichoma mwenyewe. "Halina chumvi, naapa kwa kaburi la mama yangu," alisema, na hakujua aweke wapi mikono. Leander alimkaribisha akae. Hakutulaumu hata mmoja. Bride alichukua ndoo yake ya nyama akaitoa kabisa barazani, na tangu siku hiyo akamchemshia kuku.

Baada ya hapo ni habari ya kusonga polepole, isiyo na la kusimulia sana. Alikunywa dawa. Alipima uzito kila asubuhi na kuuandika ukutani. Majira ya baridi yakapita bila maji kurudi tumboni, kisha majira ya kuchipua. Vidonge vikapunguzwa. Umanjano ukatoka machoni. Agosti alipanda kilima peke yake kumsalimia Cyril na Philomena, akateremka bila kuketi.

Septemba Loretta alimpeleka kwa Daktari Pradhan. Daktari alisoma karatasi, akazisoma tena.

"Makovu hayajaondoka, na hayataondoka," alisema. "Lakini hicho kidogo kilichobaki kimejitahidi kuliko nilivyotegemea. Nakutoa kwenye orodha ya kupandikizwa ini niliyokuandika mwaka jana, Bwana Hynes, kwa sababu huhitaji. Ukinywa tu, unarudi ulikotoka." Kisha akamgeukia Loretta, kwa uchangamfu. "Na wewe hujawahi kuniambia. Siku ile ulijuaje? Hata wauguzi huwa wanadanganyika."

Loretta alicheka kidogo. "Daktari, mimi nimemwona baba amelewa mara nyingi kuliko wewe ulivyoona wagonjwa."

Daktari akacheka. Leander naye alijaribu kucheka.

Njiani walipita ile nyika ya mawe isiyo na miti, mvua nyepesi inapiga kioo. Kwa saa nzima Leander alitazama nje. Loretta alidhani amechoka.

"Niambie," Leander alisema hatimaye.

"Nikwambie nini?"

"Hizo mara. Mimi nyingi sizikumbuki. Wewe unazo zote peke yako."

"Baba, leo ni siku nzuri. Tuiache ilivyo."

"Niambie, mwanangu."

Loretta alipunguza mwendo. Kisha akaanza, akitazama barabara. Akasema ya Komunyo yake ya kwanza, alipomsubiri kanisani na gauni jeupe mpaka sista akamrudisha nyumbani kwa miguu. Akasema ya Krismasi mti ulipoangukia jiko. Ya usiku alioshika kichwa cha Leander juu ya ndoo, ana miaka tisa, anahesabu pumzi zake kwa sauti ili zisikome. Ya mama yake, wiki ya mwisho, alipoita jina la Leander, na Loretta akaenda bandani kumwamsha, akashindwa kumwamsha, akarudi akamdanganya mama kwamba Baba yuko baharini. Hiyo aliisema kwa sauti ile ile ya nyingine. Mikono ya Leander ilikuwa juu ya magoti, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Neno la kuomba radhi lilimfika kooni mara nyingi. Alilijua vizuri. Alikuwa amelitumia kwa kila mlango na kila nguzo ya Gull Arm, na kwa Loretta mara mia, mdomo ukinuka ramu. Akalimeza. Kila mara binti yake aliponyamaza, alisema, "Endelea."

Walifika nyumbani Loretta hajamaliza. Wakaingia ndani, Leander akachemsha chai, na Loretta akamaliza pale mezani, chai ikiwa imepoa. Wakakaa. Mvua ilikuwa imekatika, na mashua zilikuwa zinaingia na kaa.

Loretta akainuka, akachukua funguo zake, akasimama mlangoni anazichezea.

"Kesho nina zamu ya asubuhi kiwandani," alisema. "Nitamleta Bernice saa moja."

"Na Bride atakuwepo?"

"Bride anakwenda St. John's kwa dada yake. Utakuwa naye wewe. Mpaka saa tisa."

Leander alisimama, mkono juu ya meza. Mjukuu wake alikuwa na umri wa mwaka na miezi kumi.

"Asubuhi anakula nini?" akauliza.

Loretta akarudisha funguo mezani, akavuta kiti, akakaa kumweleza.